Kutoa mapambo ya plastiki na kuweka mimea hai kwenye tangi la aksolotli

Watu wengi wakishaamua kuhamia mimea hai wanataka kumaliza kila kitu siku moja, plastiki zote nje, vioo vinasuguliwa, mchanga unaoshwa, filta nayo inapewa kipigo cha sabuni, mimea inapandwa, alafu siku mbili tatu mbele wanashangaa aksolotli, yule amfibia wa majini anayefanana na mjusi, amekunja ncha ya mkia, matamvua (yale kama manyoya ya kupumulia pembeni mwa kichwa) yamepinda kwenda mbele na chakula hataki. Wanalaumu mimea. Mimea haina kosa hapo, shida ni kwamba umemtolea bakteria wake wote kwa mpigo mmoja. Wale bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti na nitriti kuwa nitrati wengi wanaishi ndani ya filta, ila wako pia kwenye kila kitu kilichozama muda mrefu, yani lile pango la plastiki na ule utelezi uliopo juu yake ni sehemu ya mfumo unaomsafishia maji. Kwaiyo kazi yote hii nitakayoeleza hapa ni ya kwenda polepole, kitu kimoja kinatoka, kingine kinaingia, unapima maji, unasubiri, ndo unaendelea.

Kabla hujanunua hata jani moja, jua mnyama wako anaishi vipi. Aksolotli anatoka maji ya Xochimilco kule Mexico, anataka ubaridi, nyuzi 16 hadi 18 za Selsiasi ndo raha yake, ikishafika 20 uwe macho na ikipita 23 anaanza kuumia kweli. Hapendi mwanga mkali, hana kope za kufunga macho. Hapendi maji yanayokimbia. Na anakula kwa kufyonza, anafungua mdomo ghafla na chochote kilicho mbele kinaingia ndani, iwe nyungunyungu au kijiwe. Hayo mambo ndo yanachagua mimea, sio macho yako. Mimea mingi mizuri ya kwenye picha, ile myekundu na ile inayotandaza kama zulia, inataka joto na taa kali na kaboni dioksaidi ya kupuliziwa, yani vitu vyote ambavyo aksolotli havitaki, achana nayo mapema usije kumpashia mnyama maji ili jani lipendeze.

Inayofaa ni hii. Anubiasi ni ya kwanza kabisa, majani yake magumu, inavumilia giza, inakua taratibu sana na hata akiikalia haivunjiki. Ya pili kangaga la Java, nalo hivohivo. Mosi ya Java, ule mmea wa vijani vidogo vinavyosongamana, inavumilia baridi na haina masharti. Elodea na honwoti hizi zinakua fasta kwenye maji baridi na zinakula amonia na nitrati vizuri mno, ukiweza anza nazo kwa sababu zinakusaidia kusafisha maji kipindi hiki cha mpito, na wala hazihitaji kupandwa, zinaelea tu, ila honwoti ikiwa haijazoea inapukutisha vijani kama sindano kwenye tangi zima kwaiyo uwe tayari kufyonza takataka. Valisneria inafaa kama una mchanga wa kutosha. Kriptokorine nayo inaweza, ila kwenye ubaridi itakwenda kwa mwendo wake. Alafu kuna pothosi, ule mmea wa kutambaa wa ndani ya nyumba, mizizi unaiingiza majini na majani yanabaki nje hewani, unavuta nitrati kuliko karibu yote niliyotaja. Osha udongo wote kwenye mizizi yake na hakikisha majani hayazami, maana utomvu wake unawasha.

Sasa karantini, na hapa naomba usiruke kabisa. Mmea unaotoka dukani unaweza kuja na mayai ya konokono, planaria (minyoo bapa), haidra (vijidudu vya majini vyenye mikono inayochoma), hata lava wa kereng'ende ambao ni wawindaji, na juu ya hapo unaweza kuwa umepuliziwa dawa ya wadudu shambani. Ngozi ya amfibia inapitisha vitu, kwahiyo dawa ambayo samaki angeivumilia yeye inaweza kumuua. Ukifika nyumbani toa mmea kwenye kikopo chake, ondoa ile pamba ya kijivu iliyofungwa kwenye mizizi yote mpaka uzi wa mwisho, tumia kibano na subira, maana nyuzi zake akizimeza ni balaa na mara nyingi ndani yake kuna vidonge vidogo vya mbolea vyenye rangi ya manjano au kahawia. Toa na kile kipande cha madini ya risasi kinachofunga mashina, na mipira pia. Kata majani yaliyooza.

Alafu weka mmea kwenye ndoo au beseni lenye maji yaliyotolewa klorini, sehemu yenye mwanga wa kawaida, na ubadilishe maji yote mara kwa mara, wiki tatu mpaka nne. Ndio ni ndefu. Lakini mayai ya konokono yanahitaji muda kuanguliwa ili uwaone na kuwatoa, na dawa za shambani zinahitaji kuoshwa mara nyingi ndo zitoke. Kwa mimea migumu kama anubiasi na kangaga unaweza kuongeza dozi ya blichi, ile ya kawaida isiyo na harufu wala sabuni, sehemu 1 ya blichi kwa sehemu 19 za maji, unazamisha kwa dakika 2 tu usizidishe, unasuuza sana alafu unaloweka kwenye maji yenye dawa ya kuondoa klorini mara mbili au zaidi ya kiwango cha kawaida mpaka harufu ya blichi iishe kabisa. Mosi, elodea, honwoti na valisneria usizipeleke kwenye blichi, zitayeyuka, hizo zitegemee karantini peke yake. Na dawa za kuua konokono zenye shaba, hata kwenye beseni la karantini, mi sizikubali, shaba inabaki na kwa amfibia ni sumu.

Wakati mimea iko karantini wewe anza kuangalia mapambo yaliyopo. Chukua soksi nyembamba ya nailoni, ile inayonasa kirahisi, ipitishe kwenye kila pambo polepole. Panaponasa soksi ndo patakaponasa tamvua. Hayo ndo ya kutoka kwanza, majani makali ya plastiki, yenye waya ndani unaoanza kutu, na sanamu ambazo rangi inabanduka. Mapango na mabomba anayojifichia yabaki mpaka mwisho kabisa, na kwa maoni yangu pango moja lisitoke hata milele, mmea haumpi giza kama la pangoni hasa siku za mwanzo ukiwa na majani manne. Kama pango lenyewe ni la plastiki mbaya badilisha na chungu cha udongo kisichopakwa rangi au bomba pana la PVC lililosuguliwa kingo.

Mpangilio wa kubadilisha ni pambo moja au mawili madogo kwa wiki, sio zaidi. Unatoa pambo, unaingiza mmea mahali pake, kesho yake na keshokutwa unapima amonia na nitriti, zote zinatakiwa kuwa 0, nitrati ikiwa chini ya 20 ppm (miligramu kwa lita) safi. Amonia ikionekana hata kidogo, simama, badilisha maji robo mpaka nusu kwa maji ya joto lilelile yaliyotolewa klorini, na usitoe kitu kingine mpaka isome 0 siku kadhaa mfululizo. Katika kipindi chote hiki filta usiiguse, na kama imeziba sana mpaka maji hayapiti suuza sponji kwenye ndoo ya maji uliyoyatoa tangini. Kusafisha filta na kutoa mapambo wiki moja ni kujitafutia matatizo.

Jinsi ya kupanda. Anubiasi na kangaga zina shina nene linalolala, mizizi inashuka chini yake na majani yanapanda juu. Hilo shina lisifukiwe. Likifukiwa linaoza na mmea wote unakufa, hii ndo sababu namba moja watu wanasema anubiasi zimewashinda. Unalibandika kwenye jiwe au gogo, kwa uzi wa pamba au kwa supaglu ile nzito ya jeli, tone dogo, unabana sekunde kadhaa, ikishakauka haina madhara ndani ya maji, inakuwa nyeupe tu na mizizi itaificha. Jiwe liwe laini na kubwa kuliko kichwa cha aksolotli, hiyo ndo sheria ya kila kitu kinacholala chini ya tangi lake, kama kinaingia mdomoni kitaingia mdomoni. Gogo ukiliweka chemsha kwanza na sugua ncha kali, litatoa rangi ya chai na likiwa kubwa kwenye maji laini (yenye madini machache) linaweza kushusha pH, yani kipimo cha uchachu wa maji, naye anapenda maji magumu kidogo (yenye madini zaidi) yenye pH ya 7.4 hivi, kwaiyo pima.

Mimea inayotaka kuzikwa mizizi ina ishu, kwa sababu aksolotli anang'oa. Anatembea usiku, anaegemea, anasukuma, asubuhi unakuta valisneria yote inaelea. Ukifukia kwenye mchanga wa tangi inabidi uwe na kina kirefu kidogo na mchanga wa kina kirefu unatengeneza mifuko isiyo na hewa, kwaiyo njia nzuri zaidi ni vyungu. Chungu kifupi cha udongo, ndani mchanga laini, mmea, alafu juu unazungushia mawe makubwa laini asiweze kuchimba. Faida nyingine ukitaka kusafisha unanyanyua chungu kizima. Changarawe usiweke hata ndani ya chungu, ataifikia tu. Na ule udongo maalum wa mimea unaouzwa kwa ajili ya tangi hapana, mwingi unatoa amonia miezi ya mwanzo na unashusha pH. Kama aksolotli wako bado mdogo, chini ya sentimita 15, hata mchanga subiri kwanza, mwache na sakafu tupu na mimea ya kubandika na kuelea.

Taa weka ya LED dhaifu, ya kukaa juu nje ya maji ili isipashe, anza saa 6 kwa siku kwa taima. Mwani ukianza, punguza saa, majani mapya yakitoka membamba na marefu ongeza kidogo. Mimea ya kuelea inasaidia sana hapa, inakata mwanga kabla haujamfikia yeye, na upande mmoja wa tangi uache giza kabisa. Mbolea kwa mimea hii ya polepole mara nyingi huhitaji, kinyesi chake kinatosha, ukiona majani ya zamani ya anubiasi yana vitobo vyenye ukingo wa njano hapo ni potasiamu imepungua, tafuta mbolea ya potasiamu peke yake isiyo na shaba na uanze na dozi ndogo kuliko iliyoandikwa. Zile chupa zinazoitwa kaboni ya maji usitie, nyingi zina glutaraldehaidi ambayo ni dawa ya kuua vijidudu, na matamvua yale yako wazi hayana ngao yoyote.

Wiki za mwanzo mimea itayeyuka, usipaniki. Mingi ilikuzwa shambani majani yakiwa hewani, ikizamishwa yale majani ya zamani yanageuka njano, yanakuwa kama karatasi ya plastiki ya kuonea, yanakufa, na kriptokorine inaweza kubaki kipara kabisa. Shina na mizizi vikiwa vigumu mmea uko hai, utatoa majani mapya ya majini. Kazi yako ni kukata na kutoa kila jani lililokufa siku hiyohiyo, maana jani linalooza ni amonia, na ukiliacha unakuwa umeweka mimea isafishe maji alafu mimea yenyewe ndo inachafua.

Kulisha nako kunabadilika na hili watu hawaambiwi. Kwenye tangi la plastiki nyungunyungu aliyedondoka unamuona. Kwenye mosi anazama ndani, anajificha, anafia huko na kuoza bila wewe kujua, baadae unahangaika nitriti imetoka wapi. Acha uwanja mtupu mbele ya tangi, mlishe hapo kwa kibano, kila siku hapo, atazoea kuja mwenyewe. Na kila wiki nyanyua mosi uitikise kidogo huku unafyonza uchafu unaotoka.

Katika safari yote mwangalie yeye kuliko mimea. Matamvua yaliyopinda mbele muda mrefu, mkia uliokunjwa kama ndoano, kukimbia kimbia akigonga vioo, kukataa kula, ukiona hayo mhamishie kwenye kontena safi la maji baridi yaliyotolewa klorini, maji yote yabadilishwe kila siku, wakati unatafuta kasoro tangini. Akiwa ametulia, amelala juu ya jani la anubiasi au amejichomeka chini ya elodea, endelea na pambo linalofuata.

Jambo la mwisho kwa wenye dume na jike pamoja: jike anataga kwenye majani, na ukimpa mimea umempa kitanda, mayai yanaweza kuwa mamia mpaka kufika 1000 kwa mara moja, yamebandikwa mojamoja kila mahali. Kama huna mpango wala nafasi ya kulea watoto, kagua majani kila siku, kata yenye mayai siku hiyohiyo yalipotagwa uyagandishe kwenye friza kabla hayajaanza kukua, au tenganisha dume na jike kabla hata ya kupanda mmea wa kwanza.