Jinsi ya kupata NIF (nimero ya mlipa kodi) na kujua uko kundi gani la kodi: kwa wanaofanya kazi kwa kontra Lubumbashi

Kama unaishi kwa kontra hapa Lubumbashi, uwe unatengeneza mashine, unatafsiri, unapiga mahesabu au unafundisha usalama kwenye migodi, kuna siku mhasibu wa kampuni atakuuliza: "NIF yako iko wapi?" Ukikosa jibu atakukata 15% kabla hujashika hata franga moja. Sheria ya IPR, yaani kodi ya mishahara, iliweka kiwango hicho kwa wafanyakazi wa mara moja moja, na mtu asiye na karatasi huwekwa humo kwa sababu ndipo kampuni inapojikinga na DGI, ofisi ya serikali ya kodi.

Mimi ni fundi wa bobinage, narudisha waya kwenye motari za umeme za pampu na vinu. Kampuni moja ilinikata hivyo, na nilipopeleka malalamiko, mhasibu alinitazama kwa huruma kidogo. "Papa, faktire bila nimero ya impo sisi tunaihesabu kama mshahara." Ukipata karatasi zako ukaingia kwenye utaratibu wa biashara ndogo, huduma inalipiwa 2% ya mapato, kwa kiwango cha sheria ya 2013. Kwa kazi ya dola 1,000, ni dola 150 upande mmoja na dola 20 upande mwingine. Hapo hakuna haja ya kubembelezwa.

Kwanza ujue kama kweli unajitegemea

Code du travail, sheria ya kazi, ya tarehe 16 Oktoba 2002, iliyorekebishwa mwaka 2016, haijali jina lililobandikwa juu ya kontra. Inauliza kama unafanya kazi chini ya uongozi na amri ya mtu mwingine. Kama unaingia kwa saa yao, unatia sinyatire kwenye daftari lao, unatumia vyombo vyao na unaomba ruhusa kwenda kilioni, wewe ni mfanyakazi, hata karatasi iwe imeandikwa "contrat de prestation de services" kwa herufi kubwa. Kibarua wa siku naye analindwa: akishatimiza siku 22 za kazi ndani ya miezi 2, kisha akachukuliwa tena kabla miezi hiyo haijaisha, anahesabiwa kuwa na kontra isiyo na mwisho. Ukiona wanakupumzisha siku ya 21, sasa unaijua hesabu yao.

Kama hali yako ndiyo hiyo, usikimbilie NIF. Mfanyakazi analipiwa CNSS, mfuko wa pensheni na msaada: 5% inatoka kwenye mshahara wake na 13% inatoka mfukoni mwa patro (mwajiri), na kodi ya mshahara patro mwenyewe anaikata na kuipeleka kabla ya tarehe 15 ya mwezi unaofuata. Patro anayekutuma "ukatafute NIF ili tuendelee kukulipa" anataka kukuhamishia mzigo wake. Mlango wako ni inspection du travail, ofisi ya ukaguzi wa kazi.

Anayejitegemea anapanga bei yake, ana vyombo vyake, ana haki ya kushika kazi ya mteja mwingine, na kazi ikiharibika hasara ni yake. Motari ikiungua tena baada ya wiki moja, mimi ndiye ninayenunua waya mwingine. Hakuna anayenilipia CNSS, na nikiumwa hakuna mshahara. Kama unajitambua hapo, endelea.

Patente ya komini haitoshi

Wengi wetu tulianza na patente, na hakuna ubaya, ni karatasi ya biashara ndogo tangu sheria ya 1979. Lakini kampuni kubwa haitaipokea nyuma ya faktire. Inataka vitu 3: RCCM (uandikishaji wa biashara), Id. Nat. (nimero ya utambulisho wa taifa ya biashara) na NIF. Ukishapata RCCM, patente haikuhusu tena, ingawa vijana wa komini wataendelea kubisha mlangoni kuidai. Bandika fotokopi ya RCCM ukutani kwenye karakana, waisome wenyewe.

Guichet unique

RCCM, Id. Nat. na NIF huombwa pamoja kwenye Guichet Unique de Création d'Entreprise, dirisha moja la kufungulia biashara. Mtu mmoja anafungua "établissement", si sosiete, na nimero yake ya RCCM itakuwa na herufi A (sosiete hupewa B). Mambo ya foto ndogo, kadi ya kupigia kura na fotokopi unayajua. Casier judiciaire (karatasi ya kuonyesha kama umewahi kuhukumiwa) ikichelewa, usirudi nyumbani: sheria ya OHADA, sheria ya biashara ya pamoja ya nchi kadhaa za Afrika, inakuruhusu kutia sinyatire déclaration sur l'honneur, yaani tamko la kiapo chako, kisha ulete casier ndani ya siku 75.

Usimpe komisyonere (dalali) dosie yako pale nje. Atakuambia anamfahamu mama wa gishe. Kila mtu anamfahamu mama wa gishe, yuko pale kila siku. Malipo ya serikali unayafanya kwa jina lako na unabaki na bordero, risiti ya malipo. Pesa inayoombwa kwa sauti ya chini, ya sukari au ya "motivasyo", haina bordero. NIF yenyewe haiuzwi.

Kama tayari unafanya kazi bila NIF, ujue sheria ya Machi 2003 inataka kila mlipa kodi aiombe ndani ya siku 15 tangu aanze shughuli. Kwenye fomu kuna mahali pa tarehe ya kuanza. Fikiri kabla ya kuijaza, kwa sababu ukiandika tarehe ya miaka 3 nyuma, kuna atakayeuliza déclaration (taarifa za mapato) za miaka hiyo 3. Na ukiandika ya jana huku una faktire za mwaka jana kwenye kampuni, zitakusuta siku ya ukaguzi. Mwenye hali hiyo aende kwanza azungumze na ofisi, kwa mdomo, kabla ya kalamu.

Anwani: hapa ndipo siku zangu ziliishia

Watu hudhani anwani ni kitu cha kujaza tu. Kumbe ndiyo inayoamua ofisi gani ya DGI itakushika. Wadogo hupelekwa kwenye Centre d'Impôts Synthétiques, CIS, na wenye mapato makubwa zaidi kwenye Centre des Impôts, CDI. Kila ofisi ina eneo lake, na haigusi dosie ya eneo la mwingine.

Karakana yangu iko Katuba. Aliyechapa karatasi zangu aliandika Kampemba. Fomu niliyojaza kwa mkono ilisema Katuba, kadi ilisema Katuba, hata kontra ya kupanga ilisema Katuba. Lakini kompyuta ilisema Kampemba, na ofisini neno la kompyuta halina rufaa. Ofisi moja ikaniambia, "Hapa si kwako." Ya pili ikaniambia hivyo hivyo, kwa upole zaidi. Katikati, kampuni iliyokuwa na deni langu iliona RCCM ina komini moja na kontra ina nyingine, ikasimamisha malipo mpaka "dosie iwe safi". Siku niliyopata afisa mwenye subira, umeme ukakatika.

Marekebisho yana mpangilio, na hakuna bango linalokuonyesha. Usianzie DGI. Kama kosa liko kwenye RCCM, DGI itakujibu kwamba yenyewe imefuata RCCM. Anzia huko inakotunzwa, greffe (ofisi ya karani) ya tribunal de commerce, mahakama ya biashara, uombe "inscription modificative", yaani marekebisho ya maandishi. Ukiisha kupata RCCM iliyorekebishwa, ndipo unaandika barua kwa mkuu wa ofisi ya kodi iliyotajwa kwenye karatasi ya zamani, ukiomba dosie yako ihamishwe, na fotokopi za RCCM mpya, NIF, kadi na kontra ya nyumba nyuma yake. Barua iwe mbili: moja inabaki kwao, ya pili inapigwa kashe ya kupokelewa, yenye tarehe. Bila kashe hiyo, ukirudi utaambiwa hakuna barua iliyowahi kufika, na atakayekuambia ni yule yule aliyeipokea.

Njia nafuu ni kuzuia. Kabla hawajachapa, omba kuona skrini. Watakunja uso, waombe tena. Soma jina na post-nom, komini, mtaa, nimero ya nyumba. Post-nom zetu hupoteza herufi njiani, na benki haitakufungulia konti ya établissement kwa jina lenye "y" pale kadi ina "i".

Kisanduku cha kazi

Pale pa "activité" usiandike "divers". Utaratibu wa biashara ndogo, uliowekwa na ordonnance-loi ya Februari 2013, ulitoza 1% ya mapato kwa anayeuza vitu na 2% kwa anayetoa huduma. Sisi mafundi tuko pande zote mbili, tunauza waya na tunauza mkono. Andika zote mbili: huduma ya kutengeneza, na uuzaji wa vipuri. Kisha kwenye faktire tenga mistari, vitu juu, kazi ya mkono chini. Faktire yenye mstari mmoja wa "réparation moteur" ni rahisi kuhesabiwa 2% yote.

Kisanduku cha "profession libérale" kina njia yake na kanuni zake. Usikitie alama kwa sababu tu neno linapendeza.

Halafu kuna jambo ambalo halisemwi pale dirishani: asilimia hiyo inahesabiwa juu ya kila kilichoingia, siyo faida. Ukinunua waya wa dola 700 ukaurudisha kwenye faktire ya dola 1,000, umetozwa kwa 1,000, wakati mkononi umebaki na 300. Ndiyo maana kazi kubwa sasa namwambia mteja anunue waya mwenyewe, kwa jina lake. Mapato yangu kwenye karatasi yanakuwa yale yale ninayoyala.

Milioni 10, milioni 80, na dola

Kwa sheria hiyo ya 2013, mapato ya mwaka yasiyozidi franga milioni 10 yanakuweka micro-entreprise: unalipa kiasi kimoja cha mwaka, basi. Juu ya hapo, mpaka chini ya milioni 80, uko petite entreprise na zile 1% na 2%. Ukifika milioni 80 unaingia kwa wakubwa: TVA (kodi ya ongezeko la thamani) ya 16%, déclaration kila mwezi kabla ya tarehe 15, na hesabu kamili za vitabu.

Sasa angalia ujanja usio na mjanja. Kontra za migodi ziko kwa dola, vizingiti viko kwa franga. Franga ikianguka, dola zako ni zile zile, sahani yako ni ile ile, lakini kwenye karatasi umepanda daraja. Kila faktire andika kiwango cha siku hiyo na jumla kwa franga, na mwezi wa 10 piga hesabu ujue umefika wapi. Viwango vyenyewe huguswa na loi de finances, sheria ya bajeti ya kila mwaka, kwa hiyo kabla ya kujaza déclaration uliza vya mwaka huo.

Baada ya kupata NIF

Karatasi haitembei yenyewe mpaka kwa mhasibu. Andikia kampuni barua uombe utolewe kwenye orodha ya mishahara uwekwe kwenye ya wauzaji, na uambatanishe RCCM, Id. Nat. na NIF. Faktire zako ziwe na nimero zote 3, nimero ya mfuatano, tarehe na kashe. Ukiwa chini ya kampuni inayofanyia mgodi, watakuuliza pia habari ya ARSP, ofisi inayosimamia sous-traitance (kazi za chini ya kampuni nyingine), kwa sababu sheria ya Februari 2017 imewawekea Wakongomani sous-traitance. Ulizia hilo kabla ya kutia sinyatire kontra.

Kodi inalipiwa benki. Mtu akija karakana na beji shingoni anataka cash, mwambie akupe karatasi ya madai, utalipa benki. Mara nyingi hukumbuka ana mkutano.

Mwaka usio na kazi, au mwezi kwa wa TVA, bado unapeleka déclaration, imeandikwa "néant", yaani hakuna kitu. Wengi huona haina maana kupeleka karatasi ya sifuri. Ofisi ikikosa karatasi yako inaruhusiwa kukukadiria yenyewe, taxation d'office, na sijasikia ofisi iliyokadiria sifuri. Pia bila déclaration hizo hupati attestation fiscale, karatasi ya kuthibitisha huna deni la kodi, siku unapotaka kuomba soko (zabuni) la serikali.

Ukiajiriwa kazi ya mshahara ukaacha kontra, NIF haifi. Nenda utangaze kwamba umesimamisha shughuli, kwenye RCCM na kwenye DGI, kwa barua mbili mbili kama ile ya anwani. Yenye kashe weka nyumbani, siyo kwenye droo ya patro mpya.