Epoksi ya kapo (kifuniko) la injini: kuchagua na kuoka kwa ndege ya kujitengenezea, Lubumbashi

Anza na joto la mahali kipande kitakapokaa, si na kopo la epoksi (rezini inayokauka ikichanganywa na kigumishi) lililopo dukani. Bomba la moshi hupita 700°C: hapo hakuna epoksi inayodumu, weka chuma cha pua. Vichwa vya silinda vya injini za Lycoming vinaruhusiwa kufika 260°C, kwa hiyo kinachovigusa nacho kiwe cha chuma au aluminiamu. Epoksi na kitambaa cha kioo ni vya kapo na mifereji ya hewa ya kupozea.

Pima kwanza. Bandika ndani ya kapo stika za joto zinazobadilika rangi, endesha injini, izime, kisha subiri nusu saa ndipo uzisome. Joto la kapo huendelea kupanda baada ya kuzima kwa sababu upepo umekatika.

Kwenye fishi ya rezini (karatasi ya maelezo ya mtengenezaji) tafuta Tg, joto ambalo rezini iliyokauka huanza kulegea. Izidi joto ulilopima kwa 20°C au zaidi. Epoksi nyingi za kukauka bila kuokwa hazivuki 60°C. Kapo jeusi likiachwa kwenye jua la Oktoba linaweza kufika hapo injini ikiwa bado imezimwa. Paka nyeupe. Na namba zile za kuvutia, 120 au 150°C, ni za rezini iliyookwa. Usipooka, umenunua jina tu.

Mwaka 2025 Uingereza, ndege ya kujitengenezea aina ya Cozy Mk IV ilipoteza nguvu ikikaribia kutua: kiwiko cha plastiki cha kuingiza hewa kwenye injini kililegea, kikaporomoka. Aliyekifunga aliamini Tg ni 105°C. Kipimo kilitoa chini ya 55°C.

Kuchanganya: tumia mizani ya gramu. Rezini ya MGS L285 na kigumishi chake ni 100 kwa 40 kwa uzito, lakini 100 kwa 50 kwa ujazo. Anayechanganya hesabu hizo mbili hupata kipande kisichokauka vizuri. Kuongeza kigumishi ili kiwahi hushusha Tg. Changanya kidogo kidogo, gramu 150 hivi, kwani kopo likijaa rezini hujichemsha yenyewe hadi kutoa moshi. Usiku wa Juni na Julai ni baridi mno kwa kazi hii, na mvua za Desemba huacha utando wa nta juu: osha kwa maji, piga msasa, ndipo uongeze tabaka.

Kuoka: sanduku la mbao lenye sufu ya kioo, hita ya umeme yenye feni, vipimajoto viwili. Kipande kibaki kwenye ukungu (kalibu) wake, la sivyo kitapinda. Panda 10°C kwa saa hadi joto la fishi, mara nyingi 60 hadi 80, kaa saa zilizoandikwa, kisha kiache kipoe humo humo. Umeme ukikatika katikati, anza upya polepole. Makala (makaa) hayafai: upande mmoja huungua, mwingine hubaki mbichi.

Oka pamoja nacho ukanda wa majaribio wa sentimita 2 kwa 15. Ubane upande mmoja, ning'iniza gramu 500 upande wa pili, uurudishe sandukuni kwenye joto ulilosoma kwenye stika. Ukipinda na kubaki umepinda baada ya kupoa, kapo hilo lisifungwe.