Kijiwe cha kahawa cha wazee: namna ya kukiandaa, na maswali ya kukipa uhai

Kijiwe kikishamaliza siasa, mpira na bei ya sukari, hubaki nusu saa ya kutazamana. Hapo ndipo linapohitajika swali dogo: kwa nini jogoo awike kabla hakujapambazuka? Kwa nini mwezi ukichomoza uwe mkubwa na ukifika juu uwe mdogo? Kila mzee ana jibu lake, na wengi hawajawahi kulipima. Maelezo haya ni ya anayetaka kijiwe, au baraza kama wasemavyo Unguja, Lamu na Mombasa, ambapo maswali ya namna hiyo yataulizwa, yatabishaniwa, kisha yatapimwa kwa vitu vilivyomo nyumbani. Kupima ndiko kunakowarudisha watu kesho yake, maana kila mmoja anataka kujua nani kashinda.

Pa kukaa

Tafuta kivuli kwanza. Ukuta unaotazama mashariki ndio mzuri, kwani alasiri jua linakuwa limehamia nyuma ya nyumba na hakuna atakayehangaika kusogeza kiti. Baraza ya saruji iwe na kimo cha sentimita 45 hivi. Ikiwa fupi sana, mwenye magoti mabovu ataketi vizuri lakini kunyanyuka atahitaji kushikwa mkono, na mtu mzima haombi mkono siku mbili mfululizo. Ya tatu haji. Mkeka waachieni vijana. Viti viwili vyenye mikono visikosekane.

Watu watano hadi wanane wanatosha. Wakizidi hapo mazungumzo hugawanyika pande mbili na hakuna anayesikia upande wa pili unacheka nini. Anayesikia kwa shida akae katikati, mgongo ukutani, aone midomo ya wote. Kumweka pembeni, karibu na njia ya bodaboda, ni kumfukuza kwa adabu. Bao linavumilika likiwa mwisho wa benchi. Dhumna, kwa jinsi zinavyopigwa mezani, zitafutiwe kijiwe chao.

Kahawa

Kama muuza kahawa hupita na dele lake, mwachieni kazi yake. Kama hapiti, kwa watu wanane chemsha maji lita moja na nusu pamoja na tangawizi mbichi iliyopondwa, kipande cha urefu wa kidole gumba, na iliki tano zilizopasuliwa. Yakishatokota dakika tano, epua, tia kahawa iliyosagwa gramu 80 (vijiko vya chakula kama tisa, vya kujaa kilima), kisha rudisha kwenye moto mdogo. Hapa ndipo majiko huchafuliwa: povu hupanda ghafla, kwa hiyo sufuria isijae zaidi ya theluthi mbili na anayepika asiondoke. Dakika nane zinatosha. Ukifika robo saa unapata ukali wa kukwangua koo, ambao si ule uchungu unaotafutwa.

Epua, nyunyizia vijiko viwili vya maji baridi juu yake, acha dakika tano machicha yazame, kisha mimina kwenye dele kupitia kitambaa safi. Kahawa iliyosagwa laini mno haizami hata ukiingoja hadi Isha; agiza chembe zake ziwe kubwa kidogo. Kwa vikombe vidogo vya mililita 50 hadi 60 utapata zaidi ya 20, yaani viwili na ziada kwa kila mtu. Sukari haitiwi. Utamu unatoka kwenye kashata au tende, na mwenye kisukari awekewe karanga zilizokaangwa kavu. Kikombe cha mwisho kinyweke kabla ya saa kumi na moja, kwa sababu takriban nusu ya kafeini bado huwa imo mwilini baada ya masaa matano, na mzee aliyekesha hana hamu ya kubishana.

Utaratibu wa swali

Swali moja kwa kikao. Aliyelileta haruhusiwi kuanza kujibu. Kila mmoja aseme upande wake, na mwenye mwandiko unaosomeka aandike kwenye daftari: jina, tarehe, na alichosema. Bila daftari, majibu yakitoka kila mtu ataapa kuwa hivyo ndivyo alivyosema tangu mwanzo. Simu isitoke mfukoni mpaka wote wamekwisha kutamka. Akipita mjukuu akasoma jibu kwenye intaneti dakika ya pili, kikao kimekwisha na kahawa bado ya moto.

Mirathi ya jirani na ugonjwa wa mtu asiyekuwepo havijadiliwi. Simba na Yanga nazo zikome mapema, kwani hakuna kipimo kitakachokubaliwa na pande zote.

Maswali mepesi ya kuanzia

Mwezi hauna gharama. Usiku wa mwezi mpevu, toboa karatasi ngumu kwa kile kitoboleo cha ofisini chenye tundu la milimita 6. Funga uzi kwenye karatasi, upime sentimita 60, ushike ncha ya pili shavuni chini ya jicho. Uzi ukiwa umenyooka, fumba jicho moja uutazame mwezi kupitia tunduni mara tu unapochomoza. Utaenea, ukingo mwembamba ukibaki. Rudia saa nne usiku ukiwa juu: unaenea vile vile. Mwezi haukupungua, ni macho yaliyodanganyika, na sababu hasa ya kudanganyika huko wataalamu wanaibishania hadi leo. Msiruke uzi. Bila huo mkono hukunjwa kidogo mara ya pili, na mwenye kutaka mwezi uwe mkubwa ataukunja kwa upande unaomfaa.

Jogoo anahitaji siku tatu na mwenye banda mvumilivu. Funika banda kwa turubai zito, acha nafasi ya hewa chini, na mtu anayeamka alfajiri aandike saa za kuwika. Jogoo ataendelea kuwika karibu na wakati wake, kwa kuwa saa anayoifuata imo mwilini. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Nagoya, Japani, walilionesha hilo mwaka 2013 kwa majogoo waliowekwa kwenye mwanga hafifu usiobadilika. Mwaka 2015 wakaongeza kwamba majogoo wakiwa kundi moja, mkubwa wao huwika kwanza na waliobaki hufuata kwa vyeo. Hii ya vyeo ina maongezi ya siku nzima. Kinachoharibu jaribio ni jogoo wa jirani: akisikika tu, wenu atamjibu hata kama muda wake haujafika.

Halafu kuna kuvialisha vidole, ile kuvivuta mpaka vikalia. Wengi walitishwa utotoni kuwa kunaleta baridi yabisi. Daktari mmoja wa California, Donald Unger, alivialisha vidole vya mkono wa kushoto peke yake kwa zaidi ya miaka 60, wa kulia akauacha. Mikono yote miwili ikabaki bila ugonjwa huo, na mwaka 2009 akapewa tuzo ya Ig Nobel, ile ya utafiti unaochekesha kwanza kisha ukafikirisha. Ni mtu mmoja, kwa hiyo mbishi ana haki ya kuendelea kubisha. Cha kupima kijiweni ni kitu kingine: kidole kilichokwisha kulia hakilii tena papo hapo. Tazameni saa, kitahitaji kama dakika 20. Mwenye kiungo kinachouma au kilichovimba awe mtunza saa.

Vidole kukunjamana majini navyo huzua ubishi, kwa kuwa wengi hudhani ngozi imelowa tu ikavimba. Mishipa ya fahamu ndiyo inayoagiza mishipa ya damu ya vidoleni isinyae. Mtu ambaye mishipa ya fahamu ya kidole chake imekatika, kidole hicho hakikunjamani hata kikikaa majini muda mrefu. Tieni mkono kwenye beseni la maji vuguvugu kwa nusu saa, kisha mhamishe gololi zilizolowa kutoka bakuli moja hadi jingine, kwanza kwa mkono uliokunjamana, halafu kwa vidole vikavu siku nyingine. Watafiti wa Newcastle, Uingereza, walipata mwaka 2013 kuwa mikunjo inasaidia kushika kitu chenye maji. Wengine waliorudia mwaka uliofuata hawakuiona tofauti hiyo. Maji yapimwe kwa kiwiko na mtu mwingine, maana mwenye kisukari cha siku nyingi huenda asihisi kuwa yanamuunguza.

Walio pwani wana swali lao: kwa nini maji yaliyojaa leo saa nane kesho yajae karibu saa tisa? Chora alama kwenye nguzo ya gati au jiwe, rudi siku nne mfululizo na saa. Kuchelewa ni kama dakika 50 kwa siku, kwa kuwa dunia ikimaliza mzunguko wake mwezi, ambao ndio unaoyavuta maji, nao umeshasogea mbele, inabidi ufuatwe. Siku si zote zitatoa dakika hizo hasa, kwa hiyo chukueni wastani. Msianze siku ya upepo mkali, mawimbi yatawapa alama ya uongo. Wavuvi wa bamvua (maji yanapojaa sana) na maji mafu (yanapojaa kidogo) wataona mnachelewa kugundua, lakini waulizeni sababu muone.

Swali la Mpemba

Hili ndilo swali kubwa, na ni la nyumbani: je, cha moto kinaweza kuganda kabla ya cha baridi? Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba kule Lushoto, alikuwa anatengeneza aiskrimu na wenzake. Nafasi kwenye friza ilikuwa inakwisha, akaamua kuweka maziwa yake yakiwa bado moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambaye hakuyachemsha. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, alimuuliza swali lile lile Denis Osborne, mwalimu wa fizikia kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, huku wanafunzi wenzake wakimcheka. Osborne alikwenda kulijaribu, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala pamoja. Dunia nzima sasa hulitaja jambo hilo kwa jina la Mpemba, na bado halijaisha kubishaniwa.

Kabla ya kugusa maji, kubalianeni neno "kuganda" lina maana gani kwenu: utando wa kwanza wa barafu juu, au kikombe kizima kuwa kigumu? Osborne alipima muda wa kuanza kuganda. Msipoafikiana mapema, saa mbili baadaye kila upande utakuwa umeshinda kwa kipimo chake.

Chukua vikombe viwili vya bati vya aina moja. Chemsha maji yote pamoja, ili tofauti isije ikatokana na hewa iliyomo ndani ya maji mabichi. Acha sehemu moja ipoe hadi nyuzi 35, nyingine ibaki kwenye 90. Pima mililita 100 za kila moja kwa sirinji kubwa isiyo na sindano. Kipimajoto cha homa hakifai, kinaishia karibu na nyuzi 42 na cha kioo kitapasuka. Kikikosekana cha jikoni, tumia maji yaliyoepuliwa sasa hivi upande mmoja, na yaliyopoa hadi yakawa vuguvugu kidoleni upande wa pili.

Chini ya kila kikombe weka kipande cha stairofomu ngumu nyeupe, ile inayofungashiwa televisheni, unene wa sentimita mbili. Hapa wengi hukosea. Wakiweka vikombe juu ya theluji ya friza moja kwa moja, kile cha moto huiyeyusha, kinazama, kinagusana vizuri na ubaridi wa chini, na kinashinda kwa hila ya theluji. Vikombe vyote viwe mbali sawa na ukuta wa friza. Fungua kila baada ya dakika 15 tu, tazama kwa tochi, funga. Rudieni mara sita, kila mara mkibadilishana nafasi za vikombe, kwa kuwa friza halina ubaridi sawa kila kona.

Msishangae maji ya vuguvugu yakitangulia mara nyingi. Waliolipima upya huko Uingereza na kuchapisha mwaka 2016 hawakupata ushahidi wa kuwaridhisha, wakaonesha kwamba kipimajoto kisipokaa kwenye kina kile kile majini kinaweza kuzua tofauti isiyokuwepo. Wengine bado wanadai wameiona. Mwisho pimeni uzito wa vikombe: cha moto kitakuwa kimepungua, kwa kuwa maji mengine yamekwenda na mvuke, na hiyo ni mojawapo ya sababu zinazotajwa. Mwenye friza apewe barafu yote. Umeme akiulipa peke yake atafunga jaribio siku ya pili.

Ubishi wa "mwaka gani ule"

Huu hauna kipimo cha beseni, ila una njia. Usiulize mwaka, uliza kilichokuwa karibu. Ilikuwa kabla ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, au baada? Meli ya MV Bukoba ilikuwa imeshazama, mwezi Mei 1996? Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilimkuta anayesimulia akikaa nyumba ipi, na mtoto wa ngapi alikuwa mgongoni? Nguzo mbili za namna hiyo, moja kila upande, hubana tukio ndani ya mwaka mmoja au miwili. Kisha tafuteni karatasi: kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo au cha ndoa, risiti ya bati. Karatasi ikipatikana inashinda kumbukumbu za wote, hata za mwenye kutoa kahawa.