Gemu Inapopoteza Kasi Ghafla: Namna ya Kutafuta Chanzo Kabla ya Kubadilisha Chochote

Gemu iliyokuwa ikienda kwa fremu (picha moja moja zinazochorwa kwenye skrini) 60 kwa sekunde inaposhuka ghafla hadi 25, wengi hukimbilia kushusha ubora wa picha, kusakinisha Windows upya au kununua RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) nyingine. Mara nyingi fedha na jioni nzima hupotea, na tatizo linabaki palepale. Kinachoeleza chanzo kuliko kitu kingine chochote ni wakati: kasi inashuka lini, inakaa chini kwa muda gani, na inarudi kwa sababu gani. Kompyuta inayoanza vizuri na kuzorota baada ya robo saa haina tatizo moja na ile inayokwama nusu sekunde kila mchezaji anapoingia eneo jipya, ingawa wenye kompyuta hizo mbili watalalamika kwa maneno yaleyale.

Kwa hiyo anza kwa kupima. MSI Afterburner, pamoja na RivaTuner inayosakinishwa nayo, ni programu ya bure inayofanya kazi hata kwa kadi za michoro za kampuni nyingine, na inaweza kuonyesha juu ya gemu yenyewe idadi ya fremu, joto na kasi ya prosesa na ya kadi, pamoja na kiasi cha kumbukumbu kinachotumika. Ongeza pia grafu ya muda wa kila fremu. Kwa fremu 60 kwa sekunde, kila fremu inapaswa kuchukua takriban milisekunde 16.7; lakini fremu moja ikichukua milisekunde 80, wastani unaweza kuendelea kusoma karibu na 60 huku jicho likiona wazi kwamba picha imekwama. Cheza sehemu ileile, kwa mipangilio ileile, kwa dakika 20, na uandike ulichokiona. Ikiwa idadi ya fremu haikutikisika lakini wachezaji wengine wanarukaruka kwenye skrini, acha kuchunguza kompyuta na uchunguze intaneti.

Kwa kompyuta mpakato, mshukiwa wa kwanza ni joto. Dalili yake ni kwamba kasi ya prosesa au ya kadi, inayosomwa kwa megahezi, inaanguka wakati uleule joto linapogonga kikomo, kisha inapanda kidogo na kuanguka tena. Prosesa nyingi za Intel za kompyuta mpakato zina kikomo cha nyuzi 100 za Selsiasi, na za Ryzen, ambazo hutengenezwa na AMD, mara nyingi kati ya nyuzi 95 na 105. Zikifika hapo hujipunguzia kasi zenyewe ili zisiungue. Joto la nyuzi 90 peke yake si ushahidi, kwa kuwa kompyuta nyingi za gemu hufanya kazi katika joto hilo bila kupoteza kitu. Tafuta mambo mawili yanayotokea pamoja: joto kufika kikomo na kasi kuanguka. Programu ya HWiNFO ina mistari inayosema moja kwa moja iwapo prosesa imepunguzwa kasi kwa sababu ya joto.

Feni hupooza kwa hewa ya chumbani, kwa hiyo chumba chenye nyuzi 32, kama ilivyo kawaida Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Februari, kinaiachia kazi ngumu kuliko chumba chenye nyuzi 20. Inua sehemu ya nyuma ya kompyuta ili hewa ipite chini yake, na usiiweke kamwe juu ya godoro. Vumbi baya zaidi halionekani kwa nje, kwani hujikusanya kati ya feni na matundu ya kutolea hewa na kuwa utando mzito unaoondoka tu baada ya kifuniko kufunguliwa. Zima kompyuta, chomoa chaja, zuia mapanga ya feni yasizunguke, kisha puliza. Ikiwa kompyuta ina miaka kadhaa, mwombe fundi abadilishe pia ute unaopakwa kati ya prosesa na bamba la kupoozea, maana hukauka. Wakati ukisubiri, weka kikomo cha fremu 60 ndani ya gemu. Ninaamini kabisa kwamba 60 zinazotulia ni bora kuliko 90 zinazoporomoka hadi 40, na kikomo hicho hupunguza joto bila gharama yoyote.

Kasi ikianguka huku joto likiwa la kawaida, geukia chaja, ambayo watu huisahau. Baada ya chaja ya awali kuharibika, mtu hununua nyingine ambayo kichwa chake kinaingia vizuri, bila kusoma kibandiko. Zidisha volti kwa ampea: chaja ya volti 19.5 na ampea 9.23 inatoa wati 180, ilhali ya volti hizohizo na ampea 3.34 inatoa wati 65 tu. Kompyuta ya gemu yenye chaja ndogo itapungukiwa na umeme kadi ya michoro inapohitaji nguvu, na utaona asilimia ya betri ikishuka ingawa imechomekwa. Baadhi ya kompyuta zisipoitambua chaja huifunga prosesa kwenye kasi ya chini sana, karibu gigahezi 0.8, na huibakiza hapo. Wengi hulaumu umeme hafifu wa mtaani, lakini chaja nyingi zimeandikwa volti 100 hadi 240, kwa hiyo ni nadra umeme huo kuwa chanzo. Kucheza kwa betri pekee hupunguza kasi kwa makusudi. Hilo si kosa.

Kumbukumbu ya kadi ya michoro ikijaa, data huhamia kwenye RAM ya kawaida, ambayo kadi huifikia polepole zaidi, na kasi huanguka hasa unapogeuza kamera kwa haraka. Shusha ubora wa tekscha (picha zinazofunika sura za vitu ndani ya gemu) peke yake kwa ngazi moja, kisha anzisha gemu upya. Ikiwa RAM yenyewe ndiyo iliyojaa, Task Manager, programu ya Windows inayoonyesha matumizi ya kompyuta, itaonyesha diski ikifanya kazi bila kupumzika. Funga kivinjari kwanza.

Kukwama kwa muda mfupi katika eneo jipya, hasa baada ya kusasisha gemu au draiva (programu inayoiwezesha Windows kuitumia kadi ya michoro), mara nyingi hutokana na sheda, yaani programu ndogo za kuchora ambazo kadi inazitayarisha kwa mara ya kwanza. Rudi mahali palepale: ukipita bila kukwama, umepata jibu. Iache gemu imalize maandalizi yake kabla ya kuanza kucheza, na usifuate ushauri wa kufuta hifadhi ya sheda kila wiki, kwa sababu kila ukiifuta unalirudisha tatizo lilelile.

Kushuka kutoka 60 hadi 30 kamili kunaelekeza kwenye V-Sync, mpangilio unaolinganisha fremu na kasi ya skrini; izime ujaribu. Tatizo lililoanza siku ya kusasisha draiva litibiwe kwa kurudisha draiva ya awali.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati, kisha rudia zile dakika 20 na ulinganishe na ulichoandika. Ikiwa kasi bado inaanguka katika gemu moja tu, mahali pamoja tu, ilhali gemu nyingine nzito zinakwenda vizuri, kasoro huenda imo katika gemu yenyewe: watumie watengenezaji vipimo vyako pamoja na maelezo ya mahali hapo, na usiiguse tena mipangilio ya Windows.