Receipt: hiyo p usiiguse

Ukikutana na neno receipt kwenye Kiingereza, p yake haitamkwi. Tamka kama unavyosema risiti dukani, kisha ukate i ya mwisho: ri-SIIT, sauti ikivutwa kidogo hapo kwenye siit. Kiswahili kililichukua neno hili kwa sikio, ndiyo maana hatuna p. Mimi niliwahi kusema "risipti" mbele ya wageni ofisini, mhasibu akainama ghafla kana kwamba anatafuta kalamu chini ya meza.

P yenyewe ilichomekwa baadaye. Waingereza walilipata neno kwa Wafaransa likiwa receite, bila p. Kisha wasomi wapenda Kilatini wakakumbuka kuwa shina lake ni recepta, yaani kilichopokelewa, wakaiingiza p kwenye maandishi ili ukoo uonekane. Midomo ya watu haikuwafuata. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa b ya debt, deni: Kifaransa ni dette, Kilatini ni debitum. Cha kuchekesha, deceit, yaani hila, imetoka ukoo uleule wa Kilatini na ina mwisho uleule, lakini siku hizi inaandikwa bila p.

Kwenye kuandika, e hutangulia i. Na ukisoma kitabu cha kale cha mapishi ukakuta receipt, usitafute bei: zamani neno hilo lilimaanisha pia maelekezo ya kupika au kuchanganya dawa.