Sungura akipata kidonda, anza na maji ya chumvi

Sungura wako akiwa na kidonda, kiwe cha kung'atwa na mwenzake au cha kuchubuliwa na waya wa banda, usikimbilie spiriti. Inamuunguza na kuchelewesha kupona. Chemsha nusu lita ya maji, tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi, yaache yapoe, kisha mimina kwenye kidonda kwa sirinji isiyo na sindano mpaka uchafu utoke. Manyoya ya pembeni yapunguze kwa mkasi butu, taratibu sana, maana ngozi ya sungura ni nyembamba na huchanika upesi. Iodini inafaa ukiizimua mpaka iwe na rangi ya chai nyepesi.

Adui mkubwa ni inzi. Akitaga kwenye kidonda kibichi au manyoya yaliyolowa mkojo, mayai yanaweza kuanguliwa ndani ya saa 24 na funza wakaanza kula nyama. Kagua asubuhi na jioni, hasa chini ya mkia, na uondoe matandiko yaliyolowa.

Na hili nakusihi: usimpe amoksisilini ya kumeza iliyobaki nyumbani. Inaua bakteria wazuri wa tumboni mwake, anaharisha, na anaweza kufa kabisa. Jipu nalo usiliminye. Usaha wa sungura ni mzito, hautiririki, kwa hiyo mwachie daktari wa mifugo. Akigoma kula kwa nusu siku, mpeleke siku hiyo hiyo.