Kukagua pangaboi la mkia agizo la lazima linapoingia

Hapa hangani Kisongo, Arusha, agizo jipya la usalama kutoka mamlaka ya anga kuhusu pangaboi la mkia wa helikopta, ile feni ndogo ya nyuma, likiingia vijana hukimbilia spana. Wekeni spana chini kwanza.

Hatua ya 1: Soma agizo lote. Linataja namba zipi za vipuri? Muda wake unahesabiwa kwa saa za kuruka, siku, au idadi ya kutua? Ukipewa viwili, kinachotangulia ndicho kinachokubana. Kisha linganisha namba ya kwenye logibuku, yaani daftari la kumbukumbu za helikopta, na ile iliyochongwa kwenye kipuri chenyewe. Zikitofautiana, usiendelee.

Hatua ya 2: Chomoa betri, tundika kibao chekundu cha onyo kwenye nafasi ya rubani.

Hatua ya 3: Tazama kabla ya kupangusa. Hapa usiwe na haraka. Kijana mmoja wa mafunzo aliwahi kunikabidhi mkia unaong'aa kama sufuria ya siku ya harusi. Nikabaki sina cha kusoma. Uchafu ndio unaosema. Poda nyeusi inayotoka pembeni mwa ribiti, ile misumari ya kushikanisha mabati, inakwambia ribiti imelegea na inasuguana. Chembe za mpira, kama zile za ufutio wa penseli, ni beringi ya mpira inayojimaliza. Vumbi letu la Kisongo lisikudanganye: lenyewe hutapakaa kote, lakini poda ya msuguano huanzia sehemu moja na kuacha mchirizi. Piga picha, ndipo usafishe, urudie kwa tochi na kioo cha kukuzia ukitafuta ufa.

Hatua ya 4: Beringi. Izungushe kwa vidole, polepole, mzunguko mzima. Tarehe 27 Oktoba 2018, helikopta aina ya AW169 ilianguka Leicester, Uingereza, ikaua wote 5 waliokuwamo. Beringi ya mfumo wa kudhibiti pangaboi la mkia ilikuwa imekwama, ikauzungusha mhimili usiopaswa kuzunguka, mpaka kiungo kikafunguka na pedali za rubani zikabaki hazina kazi. Maagizo ya ukaguzi yakatoka mwezi uliofuata. Kwa hiyo kidole kikihisi mchanga au kukwama hata mara moja, usiongeze grisi ukajifariji. Itoe.

Hatua ya 5: Kama mapanga ni ya nyuzi na gundi, yagonge taratibu kwa nyundo ndogo iliyotajwa kwenye kitabu cha mtengenezaji. Sauti iwe kali, "ti, ti". Ikigeuka "bu", tabaka zimeachana. Jenereta ya jirani ikiwa inanguruma, ngoja izimwe.

Hatua ya 6: Kaza nati kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, kwa kipimo cha kitabu, na uweke pini mpya ya kuizuia nati isifunguke, ya zamani usiinyooshe ukairudisha. Kisha fundi wa pili, ambaye hakuishika kazi hiyo, akague upya mfumo wa udhibiti na kusaini. Jumamosi huenda ukamsubiri atoke Moshi, huku rubani mwenye wateja wa Kilimanjaro akikupigia simu kila robo saa. Mpokelee, mweleze. Fundi asipofika, helikopta inalala.